Nani atamlipa binti wa Moba acheze mpira wa wavu?

Vipaji havikosekani kando ya ziwa Tanganyika. Kinachokosekana ni mwajiri.

Jioni ya tarehe 26 Julai 2024, mvua ikinyesha juu ya mto Seine, Kenya iliingia kwenye Michezo ya Olimpiki ya Paris ikiwa na wabeba bendera wawili. Mmoja alikuwa Ferdinand Omanyala, mkimbiaji wa mita 100. Wa pili alikuwa Triza Atuka, nahodha wa Malkia Strikers, timu ya taifa ya wanawake ya mpira wa wavu. Miaka mitatu kabla yake, mjini Tokyo, bendera hiyo ilikabidhiwa Mercy Moim, nahodha wa wakati huo wa timu hiyohiyo, pamoja na Andrew Amonde wa raga. Nchi ambayo dunia nzima inaijua kwa mbio ndefu iliwapa wanawake wa mpira wa wavu heshima hiyo mara mbili mfululizo, wala haikuwa kwa ajili ya medali. Tangu Sydney 2000, Malkia Strikers wameshiriki Olimpiki mara nne na hawajashinda huko hata mechi moja.

Ukitaka kujua heshima hiyo ilitoka wapi, tazama wanawake hao walikuwa wakichezea nani nyumbani. Moim alikuwa wa Kenya Prisons, timu ya idara ya magereza. Atuka alikuwa wa Kenya Pipeline, timu ya shirika la serikali linalosafirisha mafuta kwa mabomba kutoka Mombasa kwenda bara. Nyuma ya bendera palikuwa na taasisi yenye ofisi, bajeti na watu wa kulipwa kila mwisho wa mwezi. Hoja ya makala haya inaanzia hapo: katika kona yetu ya Afrika, maisha ya mchezaji wa kike wa mpira wa wavu hujengwa kwanza na mwajiri. Kocha, uwanja, wakala wa Ulaya na hata timu ya taifa huja baada yake. Kama hilo ni kweli, basi wanaoulizana kwa nini wasichana wa Moba, Kalemie na Manono hawafiki popote katika mchezo huu wamekuwa wakitafuta jibu mahali lisipokuwepo.

KARIBU NA NAIROBI KULIKO KINSHASA

Moba ni teritwari ya jimbo la Tanganyika, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kusini mwa Kalemie. Mji wenyewe una sehemu mbili: bandari chini ufukoni, na Kirungu juu ya mlima, ambako wamisionari walijenga kituo kilichoitwa Baudouinville wakati wa ukoloni. Hapo ndipo Stefano Kaoze alipopewa upadri tarehe 21 Julai 1917, Mwafrika wa kwanza wa Kongo ya Wabelgiji kupata daraja hilo. Tukio hilo lina uzito katika hoja yetu. Kaoze hakutokea tu. Alipitia seminari iliyompokea akiwa kijana, ikamlisha, ikamfundisha miaka mingi, na mwishoni ikampa kazi ya maisha. Moba imejua kwa zaidi ya karne moja jinsi ya kumchukua mtoto wa mvuvi au wa mkulima na kumfikisha kwenye taaluma, mradi kuwe na taasisi iliyo tayari kumbeba njia nzima. Mapadri, masista, walimu na wauguzi wametoka kwa njia hiyo. Mpira wa wavu haujawahi kupata taasisi ya namna hiyo upande huu wa ziwa.

Jiografia nayo inatunyima haki. Kwa mstari wa ndege, kutoka Moba hadi Kinshasa ni takriban kilomita 1,600. Hadi Nairobi ni kama 1,000, na Kigoma iko ng'ambo ya maji tu. Lakini Shirikisho la Mpira wa Wavu la Afrika limeligawa bara kwa kanda, na Kongo imo kanda ya nne pamoja na Kamerun na Gabon, huku Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania zikiwa kanda ya tano. Maana yake kwa vitendo ni kwamba binti anayeota ndoto ya kuonekana lazima aonekane Kinshasa, mji ambao hauna barabara ya kuaminika kutoka kwake na ambao nauli yake ya ndege ni kubwa kuliko mapato ya familia nyingi kwa miezi mingi. Majirani zake wa kweli katika mchezo huu, wale wanaozungumza lugha yake na kununua samaki wa ziwa lake, wanacheza katika kanda nyingine.

Halafu kuna mambo madogo ambayo wasiocheza hawayaoni. Wavu wa wanawake hufungwa mita 2.24 kutoka ardhini, katikati ya uwanja wa mita 18 kwa 9. Ukichukua wavu wa dagaa ukaufunga kwenye miti miwili, unapata kitu kinachofanana na wavu, ila katikati hulegea. Ukilegea sentimita kumi tu, mpigaji anajizoesha kuruka na kupiga kwa mita 2.14. Mkono wake unajifunza pembe isiyo sahihi, siku baada ya siku, na siku anaposimama kwenye uwanja rasmi mipira yake inagota kwenye kamba ya juu. Watazamaji watasema hana kipaji. Na kila mruko una kutua kwake: juu ya udongo ulioshindiliwa wa kiangazi, magoti ya msichana wa miaka 16 hupokea pigo ambalo sakafu ya mbao ingelimeza. Wavu uliokazwa vizuri, mipira kumi yenye uzito halali wa gramu 260 hadi 280, na kiwanja kilichomwagiwa mchanga wa ufukweni vingebadilisha mengi kwa fedha kidogo sana. Lakini hata vitu hivyo vidogo vinahitaji mtu ambaye ni kazi yake kuvinunua, na akishavinunua, avitunze.

MINERVALI HUANZA PALE MPIRA UNAPOANZA

Tangu Septemba 2019, shule ya msingi ya serikali nchini Kongo ni ya bure. Sekondari haikuingizwa humo. Kwa mpira wa wavu, mpaka huo umepita mahali pabaya kupita pote, kwa sababu mchezo huu hauanzi utotoni kama kabumbu. Mtoto wa miaka minane hawezi kupiga mpira juu ya wavu. Msichana huanza kuonyesha urefu wake, wepesi wa mikono na akili ya kusoma mchezo akiwa na miaka 12 hadi 15, yaani miaka ileile ambayo minervali, ada ya shule, inaanza kudaiwa na baba anaanza kuhesabu nani abaki shuleni. Binti mrefu anayeweza kubeba ndoo mbili kutoka ziwani ana thamani nyumbani leo. Thamani yake uwanjani ni ya miaka kumi ijayo, na hakuna anayemhakikishia mzazi kwamba itafika.

Kenya ilizipa shule za sekondari jukumu la kuziba pengo hilo. Kwanthanze kule Machakos, Mukumu kule Kakamega: ni majina ambayo mtu yeyote anayefuatilia mchezo huu Afrika Mashariki anayajua, kwa sababu huko ndiko klabu kubwa zinakokwenda kutafuta wachezaji. Mashindano ya shule za sekondari za Afrika Mashariki huzikutanisha kila mwaka, na makocha wa klabu huja kutazama. Kongo ilikamilisha kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Julai 2022. Tumezungumza sana juu ya forodha na majeshi ya Jumuiya hiyo, na kidogo mno juu ya mabasi ya wanafunzi wanaokwenda kushindana.

> Msichana huanza kuonyesha kipaji chake cha wavu katika miaka ileile ambayo minervali inaanza kudaiwa.

MSHAHARA KABLA YA KOMBE

Malkia Strikers wamekuwa mabingwa wa Afrika mara kumi, kuanzia 1991 hadi 2023, walipolirudisha taji kutoka Yaoundé baada ya Kamerun kulichukua mara tatu mfululizo. Klabu zao nazo zimetawala bara kwa vipindi virefu. KCB, timu ya benki, ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 2022 huko Kelibia, Tunisia. Ukizipanga klabu zilizobeba mafanikio haya utaona mabomba ya mafuta, magereza, benki na, karibuni, idara ya upelelezi wa jinai. Ukivuka mpaka, Rwanda ina timu za jeshi, polisi na mamlaka ya mapato. Tanzania ina JKT na Magereza. Klabu inayoishi kwa viingilio vya mlangoni, au kwa mapenzi ya tajiri mmoja wa mtaa, ni nadra kuiona kileleni. Mchezo huu haujazi viwanja kama kabumbu, hauuzi jezi nyingi, na televisheni haiulipi. Taasisi zenye kazi nyingine za kufanya ndizo zilizoubeba.

Faida ya mpangilio huu huonekana zaidi ukitazama maisha marefu kuliko ukitazama kombe moja. Chukua mfano wa Janet Wanja. Alikuwa seta, mchezaji ambaye karibu kila mguso wa pili wa timu hupita mikononi mwake. Mpokeaji anauinua mpira, seta anakimbia chini yake mgongo ukiwa nusu kwa wavu, na kwa chini ya sekunde moja anaamua ni nani kati ya wapigaji atapewa, kwa urefu gani na kwa kasi gani, huku vidole vyake vikificha uamuzi huo kwa wazuiaji wa upande wa pili. Ujuzi huo hauivi mapema. Seta wa miaka 20 ana mikono. Seta wa miaka 30 ana mikono na kumbukumbu ya mamia ya wazuiaji. Wanja alicheza Olimpiki ya Athens 2004 akiwa na miaka 20, akawa nguzo ya Kenya Pipeline na timu ya taifa kwa miaka mingi, na miaka 20 baada ya Athens alikuwa kwenye benchi la ufundi la Malkia Strikers, akiwasimamia wachezaji katika mazoezi ya viungo. Alifariki Desemba 2024 akiwa na miaka 40. Njia kama hiyo, kutoka uwanjani hadi kuwalea wanaofuata, haiwezekani kwa mtu anayelazimika kuacha mchezo akiwa na miaka 23 ili auze mihogo sokoni.

Kuna jambo jingine ambalo wanaume wanaoandika juu ya michezo hulipita haraka: uzazi. Mwanamke aliyeajiriwa Kenya ana likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara kamili kwa sheria ya 2007. Sheria ya Kazi ya Kongo inatoa wiki 14 na theluthi mbili za mshahara. Mchezaji ambaye ni mfanyakazi anaweza kupata mtoto, akapona, akarudi. Anayelipwa posho ya mechi akipata mimba amepoteza kila kitu siku hiyohiyo, na timu yake haina wajibu wowote kwake. Ndiyo maana nasisitiza neno mwajiri kuliko neno mfadhili. Mfadhili hununua jezi na kupiga picha. Mwajiri anabanwa na sheria.

WASICHANA WA KIWANDA CHA NGUO

Huenda msomaji akadhani njia hii ni ya nchi maskini, kitu cha kufanya hadi pesa za kweli zifike. Historia inasema vingine. Mpira wa wavu ulipoingia Olimpiki mwaka 1964 huko Tokyo, ukawa mchezo wa kwanza wa timu kwa wanawake katika Olimpiki yote, na dhahabu ilikwenda kwa Japani baada ya kuushinda Umoja wa Kisovieti seti tatu kwa bila. Wengi wa mabingwa hao walikuwa wafanyakazi wa kampuni moja ya nguo, Nichibo, katika kiwanda chake cha Kaizuka karibu na Osaka. Walifanya kazi mchana, kisha kocha wao Hirofumi Daimatsu akawafanyisha mazoezi hadi usiku wa manane. Ukali wake hauna haja ya kuigwa, na leo ungepigwa marufuku kwa haki. Lakini msingi wake, kwamba kiwanda kiliajiri timu, ndio uliojenga mpira wa wavu wa Japani kwa miongo iliyofuata. Uturuki, ambayo ligi yake ya wanawake leo ni miongoni mwa zenye mishahara mikubwa kabisa duniani, timu zake mbili kati ya kubwa zaidi ni VakıfBank, ambayo ni benki, na Eczacıbaşı, ambayo ni kampuni iliyoanza kwa dawa.

Kalemie nayo ilikuwa na kiwanda cha nguo. Filtisaf kiliajiri watu wengi wa mji huo kabla ya kufungwa. Mji ulikuwa pia na reli, bandari na karakana ya meli, na miji yote ya Katanga ya zamani, iliyojumuisha Tanganyika, inajua jinsi kampuni zilivyoanzisha timu za kabumbu kwa ajili ya wafanyakazi wao wa kiume. Wake na mabinti wa wafanyakazi hao walibaki watazamaji. Kampuni hizo zilipoanguka, timu za wanaume zilibaki na majina, mashabiki na viwanja. Za wanawake hazikuwa na cha kurithi.

WANAOPINGA WANA MANENO MAZITO

Pingamizi la kwanza ni lile la Olimpiki. Kama waajiri ndio siri, mbona Malkia Strikers wanafungwa seti tatu kwa bila na Brazili, Poland na Japani? Jibu ni kwamba Olimpiki ya mpira wa wavu hupokea timu 12 tu duniani, na mwakilishi wa Afrika hukutana na vilele vitupu. Kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia, yenye timu nyingi zaidi, Kenya iliishinda Kazakhstan mwaka 2018, Kamerun mwaka 2022 na Vietnam mwaka 2025. Mwajiri wa Nairobi amelifikisha taifa hadi mahali pa kuzishinda timu za kati za dunia. Kuvuka hapo kunahitaji ligi ngumu zaidi na makocha wengi zaidi, na hilo halitokei mahali ambapo hata ngazi ya kwanza haipo.

Pingamizi la pili linatoka kwa vijana wenyewe: kwa nini nihangaike na mshahara wa benki hapa, wakati Ulaya wanalipa? Ni swali la haki. Sharon Chepchumba alikwenda Ugiriki, na Moim naye aliwahi kucheza nje kabla ya kurudi Kenya Prisons. Tazama lakini walikotoka. Wote waliondoka wakiwa na klabu nyuma yao. Mkataba wa nje mara nyingi ni wa msimu mmoja. Goti likiumia mwezi Januari, mwezi Mei mtu yuko nyumbani. Mwenye kazi ya kurudia amekwenda kutafuta zaidi, asiye nayo amekwenda kubahatisha maisha yake. Tena mchezaji hawezi kuhamia ligi ya nje bila cheti cha uhamisho wa kimataifa chenye idhini ya shirikisho la nchi yake. Binti asiyeandikishwa na klabu yoyote inayotambuliwa na shirikisho la Kongo hana karatasi ya kuombewa. Yeyote anayemwahidi mzazi wa Moba kwamba atampeleka bintiye Ulaya moja kwa moja akacheze, mzazi huyo na amwombe kwanza amwonyeshe klabu.

Njia za mkato zimejaribiwa na waliojaribu wamelipa. Mwaka 2021, Rwanda ilipokuwa mwenyeji wa ubingwa wa Afrika wa wanawake mjini Kigali, iliwachezesha wachezaji wanne kutoka Brazili ambao hawakuwa wametimiza masharti ya kuiwakilisha nchi hiyo. Mashindano yalisimamishwa na wenyeji wakaondolewa mbele ya mashabiki wao. Walioumia zaidi ni wasichana wa Rwanda waliokuwa wamefanya mazoezi miaka yote kwa ajili ya wiki ile.

> Mwenye kazi ya kurudia amekwenda kutafuta zaidi. Asiye nayo amekwenda kubahatisha maisha yake.

Pingamizi la tatu ndilo linalostahili heshima kuliko yote. Tanganyika imepitia miaka ya mapigano kati ya Watwa na Waluba, vijiji vimechomwa, watu wamelala kambini, na maji ya ziwa yamepanda yakameza nyumba za ufukoni. Katika hali hiyo, mtu mwenye akili atauliza kama mpira wa wavu ni jambo la kuandikwa gazetini. Nakubali kabisa kwamba pesa ya dawa na ya chakula cha wakimbizi isiguswe kwa ajili ya mchezo wowote. Lakini timu ni wanawake 12 hadi 14 wenye ajira, ajira ambazo jimbo hili linazitafuta kwa udi na uvumba. Na ni ajira ambayo kila jioni hufanyika hadharani, mbele ya wasichana wengine, katika jimbo ambalo wengi wao hawajawahi kumwona mwanamke akilipwa kwa nguvu za mwili wake bila jembe wala ndoo.

Hapo pia inabidi kusema wazi kwamba njia ya magereza na polisi, iliyoifaa Kenya, haifai kunakiliwa hapa bila kufikiri. Katika jimbo ambalo sare imebeba hofu kwa jamii nyingi, kumvalisha msichana wa miaka 18 sare ili apate mshahara wa kucheza ni kumwingiza katika jambo kubwa kuliko mchezo. Benki, bandari, kiwanda na chuo vinafaa zaidi kwetu.

Kuhusu wazazi wanaoogopa kwamba mchezo utamharibu binti au kumkosesha mume, sheria imekwisha kusogea mbele yao. Chini ya Sheria ya Familia ya 1987, mwanamke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya mumewe kabla ya kuingia mkataba wowote wa kazi anayopaswa kuifanya yeye mwenyewe, na mkataba wa mchezaji ungekuwa mfano kamili wa mkataba wa namna hiyo. Marekebisho ya Julai 2016 yaliiondoa ruhusa hiyo ya upande mmoja. Sasa mume na mke wanatakiwa kukubaliana. Kisheria, mwanamke wa Moba hahitaji tena ruhusa ya upande mmoja ili asaini. Kilichobaki ni kwamba hakuna mkataba wa kusaini.

BENKI ILEILE

Sasa kwa swali la nani. Desemba 2022, kundi la KCB la Nairobi lilikamilisha ununuzi wa asilimia 85 ya hisa za Trust Merchant Bank, TMB, benki iliyozaliwa Lubumbashi mwaka 2004. Yaani benki ambayo miezi michache kabla ilikuwa imetwaa ubingwa wa Afrika wa mpira wa wavu wa wanawake ndiyo inayomiliki sehemu kubwa ya benki ambayo watu wa Katanga ya zamani wameweka fedha zao. Nairobi inajua kila hesabu ya kuendesha timu ya aina hii: idadi ya makocha, gharama ya safari, mchezaji afanye kazi gani asubuhi na aachiwe saa ngapi. Elimu hiyo imo tayari ndani ya kampuni moja. Hakuna anayehitaji kuivumbua upya, na sioni kwa nini wateja wa Kongo wapate huduma za benki hiyo bila kupata na desturi yake nzuri kuliko zote.

Jimbo nalo lina mali yake. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kila kampuni ya uchimbaji itenge walau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi, na inagawa mrabaha hivi: asilimia 25 kwa jimbo na 15 kwa mamlaka za chini za mahali mgodi ulipo. Lithiamu ya Manono ni mali ya jimbo hili hili. Fedha hizo zina foleni ndefu ya mahitaji, visima na zahanati vikiwa mbele, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Minervali ya wasichana 30 wa sekondari na nyavu tatu za kweli ni punje ndogo ndani ya fungu hilo.

Anayedhani kwamba wanawake wa upande huu wa Kongo hawawezi kufika mbali ndani ya muda mfupi, akumbuke Novemba 2024. Timu ya wanawake ya TP Mazembe ya Lubumbashi ilitwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya kabumbu kwa kuifunga AS FAR ya Morocco kwenye ardhi ya Morocco. Timu hiyo ilikuwa na umri wa miaka michache tu. Wasichana walikuwepo Katanga siku zote. Kilichobadilika ni kwamba klabu moja yenye uwezo iliamua kuwalipa, kuwalaza na kuwasafirisha kama inavyowafanyia wanaume.

Kwa hiyo maombi ya makala haya yana anwani. Wakurugenzi wa TMB waulize wenzao wa Nairobi timu ya wanawake inagharimu kiasi gani kwa mwaka, kisha waanze na moja Lubumbashi na shule mbili za kulishia timu hiyo, Kalemie na Moba. Shirikisho la mpira wa wavu la Kongo liruhusu, kwa makubaliano na kanda ya tano, timu za mashariki zishindane na Bujumbura, Kigoma na Kigali, ambako zinaweza kufika kwa boti na basi. Na wabunge wa jimbo, ambao hupitisha bajeti katika kikao cha Septemba, waiweke minervali ya wachezaji wa kike wa sekondari kama mstari wake wenyewe, wenye kiasi kilichoandikwa na jina la afisa wa kuulizwa mwishoni mwa mwaka.